Usiku Kumi na Mmoja: Kisa cha Mama Aliyeandikwa "Mtoro"

Kwenye faili la mtoto huyu kuna neno moja lililoandikwa kwa mwandiko wangu: "mtoro". Niliandika siku ya nne baada ya tarehe ya dozi yake ya tatu ya dawa za saratani kupita bila yeye kuonekana. Simu ya mama ilikuwa haipatikani, ya baba iliita mpaka ikakatika. Ndivyo tunavyoandika sote katika hali hiyo, na ukurasa unafungwa. Mtoto alirudi baada ya wiki tano. Nilikaa na mama yake karibu saa mbili kwenye ofisi yangu, akanieleza alikolala kila usiku tangu siku tuliyomruhusu. Naandika kisa hiki kwa sababu ya hayo niliyoyasikia.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika hospitali ya rufaa. Hospitali sitaitaja, wala jiji, na mambo yanayoweza kumtambulisha mama na mwanawe nimeyaacha kwa makusudi. Mama ameridhia habari yake isimuliwe. Maneno yake yalikuwa haya: "Andika, mama ustawi. Labda mwenzangu atakayekuja atakuta pa kulala."

Jino lililolegea

Mtoto ni mvulana wa miaka sita kutoka kijiji kimoja mkoani Kigoma, wa tatu kati ya wanne. Wazazi ni wakulima wa maharage na mihogo. Mambo yalianza na jino. Lilicheza, la pili yake nalo likacheza, taya la kulia likaanza kuvimba. Zahanati walimpa vidonge. Kituo cha afya walimng'oa jino. Bibi yake akampeleka kwa mganga, akachanjwa shavuni. Mama alinisimulia hilo akiwa ameinamisha macho, nikamwambia kwamba si mwanawe peke yake aliyeingia wodini na chale. Wiki ya tano uvimbe ulikuwa umepanda hadi chini ya jicho, na hospitali ya wilaya ikaandika rufaa.

Alikatwa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe. Majibu yalikuja baada ya siku tisa: saratani ya Burkitt.

Saratani hii Afrika Mashariki tunaijua kwa karibu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, ndiye aliyeieleza kwenye jarida la upasuaji mwaka 1958 baada ya kuona watoto wengi wenye taya zilizovimba namna moja. Huwapata zaidi watoto wa ukanda wenye malaria nyingi, na virusi vya Epstein-Barr vina mkono ndani yake. Lakini kwa kisa hiki yapo mambo mawili ya kushika. Uvimbe wake hukua kwa kasi ya kutisha. Unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Na kwa sababu ya kasi hiyohiyo, dawa huupiga haraka. Mtoto anaweza kuanza dozi Jumatatu, na wiki haijaisha uso umeanza kurudi kama ulivyokuwa. Nimeona akina mama wakilia kwa furaha kando ya kitanda. Hatari nyingine huanzia hapo, kwa sababu kinachoonekana kwa macho kimeondoka, na kilichobaki hakionekani.

Mpango aliowekewa ulikuwa dozi sita, moja kila baada ya wiki mbili, damu ikiruhusu. Kila dozi inakwenda kwa dripu, na sindano ya mgongoni ya kuukinga ubongo. Mtoto hulazwa usiku tatu hivi, akipewa maji mengi ili figo zisielemewe na mabaki ya uvimbe unaoyeyuka, kisha anaruhusiwa hadi tarehe ijayo. Kwa kuwa alikwisha kuvuka miaka mitano, umri ambao chini yake sera ilimhudumia mtoto bila malipo, nilimwandalia msamaha wa malipo. Ukapita ndani ya siku mbili. Nikaona kazi yangu imekwisha, nikaenda kwa mwingine.

Usiku tatu wodini, usiku kumi na mmoja nje, halafu wodini tena. Kati ya dozi sita kuna mapengo matano, yaani usiku 55 nje ya hospitali. Faili lina ukurasa wa uzito, wa chembe za damu, wa vipimo vya figo. Halikuwa na mstari hata mmoja wa kuuliza usiku huo 55 mtoto atalala wapi, na mimi, ambaye kazi yangu ndiyo hiyo, sikuuliza.

Alikolala

Mama alikuja na watoto wawili: mgonjwa, na mdogo wake wa miezi tisa aliyekuwa bado ananyonya. Wodi ya saratani haipokei mtoto mchanga mzima, na ni haki. Watoto wa mle kinga yao imeshuka, mafua ya mmoja yanaweza kumwua mwingine. Kwa hiyo mchanga alibaki kwa binamu ya mume, anayeishi jijini, na mke wa binamu alimleta langoni asubuhi na jioni anyonye. Mama alilala kwenye kanga chini ya kitanda cha mwanawe. Usiku maziwa yalimjaa na kumvuja, akakesha akiyakamua kwenye kikombe. Hilo lote lilitokea hatua chache kutoka meza ya manesi, na hakuna aliyelijua kwa sababu hakusema.

Walipomruhusu, alikwenda kwa binamu. Chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati, mume, mke na watoto wao wawili. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama huyu alilishika jembe siku ya kwanza: aliteka maji, alifua, alipika. Kilichowaondoa si uzito wa ugeni. Dozi ilimtapisha mtoto usiku, majirani wakasikia, na mwenye nyumba akauliza mtoto anaumwa nini. Alipoambiwa ni kansa, akauliza kama inaambukiza. Kesho yake sahani ya mtoto ikawekwa pembeni, kikombe chake pembeni. Siku iliyofuata akakatazwa choo cha wapangaji. Mke wa binamu alimwita nje akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, mimi sina neno, ila mwenye nyumba ameshasema." Mama hakumlaumu, na mimi simlaumu. Saratani haiambukizi kwa sahani wala kwa choo, lakini mtu wa kwenda kuwaeleza wapangaji wale alipaswa kutoka kwetu.

Usiku nne za kwanza zilikwisha hivyo. Mbili zilizofuata alilala gesti karibu na stendi, kwa shilingi 10,000 kila usiku. Gesti ina kitanda, haina jiko. Dawa ilikuwa imemtoa mtoto vidonda mdomoni, chapati na chai ya barabarani havipiti. Alitaka uji laini wa vuguvugu, tena kidogokidogo mara sita kwa siku. Mama aliomba pa kuwasha mkaa akakataliwa. Siku mbili mtoto aliishi kwa maziwa ya pakiti. Fedha zilipokaribia kwisha wakarudi hospitali, wakalala kwenye benchi za mapokezi pamoja na watu wanaosubiri kufunguliwa asubuhi. Mlinzi wa kwanza aliwatambua, akawaacha. Usiku wa tatu alikuwapo mwingine. Akaomba kadi, akaisoma kwa tochi, akasema, "Mama, tarehe yako bado." Ilikuwa kweli. Tarehe ilikuwa bado siku mbili.

Usiku mbili za mwisho alilala kwa mama lishe anayeuza uji nje ya lango. Yule mama alikuwa amewaona siku tatu wakinunua kikombe kimoja na kugawana, akawachukua kwake. Sijapata kumshukuru ipasavyo, kwa hiyo namshukuru hapa.

Siku ya dozi ya pili mtoto alikuja kwa wakati. Madaktari walifurahi: uvimbe haukuonekana kabisa. Katika maandishi yetu lilikuwa pengo zuri, "hakuna tatizo".

Baada ya dozi ya pili mama alibaki na shilingi 7,000, mchanga anakohoa, na usiku kumi na mmoja mwingine mbele yake. Baba akapiga simu. Alikuwa ameuza mbuzi, akatuma nauli: "Rudini nyumbani. Uvimbe si umekwisha?" Mama alimwuliza nesi kama anaweza kwenda na kurudi kwa tarehe. Akajibiwa, "Usikose tarehe tu." Alikwenda akiwa na nia ya kurudi. Fedha ya kurudia ililiwa na homa ya mapafu ya mchanga. Wiki ya tatu nyumbani, mtoto akalalamika kwamba shingo inauma, na mama alipopapasa chini ya taya, safari hii upande wa kushoto, akaukuta.

Hesabu ya mama

Wenzangu kadhaa walisema kosa ni elimu: mama hakuelewa. Mimi nilisema hivyohivyo mpaka aliponifanyia hesabu kwa kunyoosha vidole.

Nauli kutoka kwao ilikuwa 40,000. Mtoto wa miaka sita analipiwa kiti, mchanga anapakatwa. Kwenda na kurudi kwa watu wawili ni 160,000. Mapengo matano ni 800,000. Kubaki gesti usiku 55 ni 550,000, bila chakula. Kubaki ni nafuu kwa nauli, lakini nyumbani kuna mihogo shambani na hapa kila kitonge kinanunuliwa. Juu ya hayo kuna msimu wa maharage. Asipokuwapo kupalilia, watoto wengine wawili walioachwa kwa bibi watakula nini mwezi wa saba? Alikuwa ameyapima yote hayo kabla hajapanda basi. Fedha yote ya nyumba yao kwa mwaka isingelipa njia yoyote kati ya hizo mbili. Mtu anayefanya hesabu hiyo kichwani, kwenye benchi, usiku, hakosi elimu.

Upo ukweli mmoja tu ambao hakuwa nao, nao ndio uliomgharimu. Hakujua kwamba uvimbe uliotoweka haujapona. Alikuwa ameambiwa, naamini. Karatasi ya maelezo imo kwenye faili na dole gumba lake lipo chini yake. Lakini aliambiwa siku ileile ya majibu, siku ambayo neno kansa lilikuwa linamvuma masikioni, na kwa Kiswahili cha hospitali wakati yeye huwaza kwa Kiha.

Siku ya tisa

Safari ya pili tulikuwa tumepata nyumba. Sitaki kuipamba. Ni nyumba ya vyumba sita ambayo kikundi cha watu wa jijini walikuwa wameanza kuikodi miezi michache kabla, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka lango la hospitali. Kila chumba kina familia mbili, vitanda vina vyandarua, jiko ni la gesi na la wote, maji ya kunywa yanachemshwa, usafi ni kwa zamu iliyobandikwa ukutani. Yupo mama mlezi anayelala humohumo. Kando ya mlango wa jiko kimetundikwa kipimajoto, na chini yake karatasi yenye sentensi moja kwa herufi kubwa: homa ya 38 au zaidi, usisubiri asubuhi.

Sentensi hiyo inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwa nini nyumba kama hii ni sehemu ya tiba. Dawa za saratani haziui uvimbe peke yake. Zinashusha pia chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Kushuka huko hakutokei siku ya dripu. Kwa dawa za aina aliyopewa mtoto huyu, chembe hufika chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kisha hupanda tena, na ndiyo sababu dozi hupangwa kwa kupishana. Sasa weka jambo hilo juu ya ratiba yetu. Siku ya kwanza hadi ya tatu yuko wodini, anaangaliwa na manesi na madaktari, na kinga yake bado ipo. Siku za hatari zote zinaangukia nje. Mtoto ambaye kinga yake imefika chini akipata homa, ni dharura. Anatakiwa kuanza antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja hivi, kwa sababu kufikia asubuhi damu inaweza kuwa imejaa sumu ya vijidudu. Pengo la kwanza, siku ya kumi hadi ya kumi na mbili, mvulana huyu alizimaliza kwenye benchi ya mapokezi katikati ya watu wanaokohoa. Kwamba hakupata homa ni rehema ya Mungu.

Safari ya pili aliipata. Matibabu yalikuwa yameanzishwa upya, na ilikuwa siku ya tisa ya pengo la pili. Saa nane usiku mama wa kitanda cha pili aliamka kumfunika wake, akamgusa na huyu kwa mazoea ya akina mama, akamkuta wa moto. Kipimajoto kikasoma 38.7. Mama mlezi alipiga simu wodini, akambeba mtoto mgongoni, mama akafuata na kadi, mchanga akabaki kwa mwenzake. Dawa iliingia mshipani kabla ya saa tisa. Alilazwa siku sita, akatoka.

Nimejaribu kuwaza usiku uleule kijijini kwao. Pikipiki hadi kituo cha afya, kwanza uipate. Mganga wa zamu, pengine aanze na kipimo cha malaria, na pengine kitoke chanya, maana huko watoto wengi wana vijidudu vya malaria. Dawa ya malaria, na mrudi nyumbani. Asubuhi isingefika vizuri.

Lakini nyumba ilifanya jambo jingine ambalo sikulitarajia. Mle ndani alikuwamo mama mwenye mtoto aliyekuwa dozi ya sita, ugonjwa uleule, naye wa Kigoma. Jioni ya kwanza walipokuwa wakikaanga migebuka aliyoletewa na dereva wa basi, alimwambia kwa Kiha, na baadaye akanitafsiria mimi: "Hata wangu uliisha wiki ya kwanza. Usidanganyike. Unajificha." Hayo ndiyo maelezo yaliyomo kwenye karatasi yenye dole gumba, lakini yametoka kwa mtu anayeaminika, kwa lugha ya nyumbani, siku ambayo masikio yalikuwa wazi. Laiti angeyasikia mara ya kwanza, sidhani kama angepanda basi hata kwa mbuzi watano.

Yapo na magumu ya nyumba hiyo ambayo wanaotaka kuanzisha nyingine wayajue. Wiki ya nne msichana wa chumba jirani alifariki. Kwa siku mbili hakuna aliyepika. Akina mama watatu walifunga mizigo, na mama wetu alikuwa mmoja wao. Mama mlezi hakuwazuia wala kuwahubiria. Aliwapeleka kumsaidia mfiwa kupanga nguo za mtoto na kutafuta gari la kurudi kwao, wakalia naye pamoja, na jioni mizigo ikafunguliwa. Sijui chuo gani kingemfundisha mtu kufanya hivyo.

Si jambo jipya

Hoja ninayoipata mara nyingi vikaoni ni kwamba fedha ni kidogo, tununue dawa kwanza, malazi ni hisani. Naielewa. Nimewahi kuona wodi ikiishiwa dawa moja kwa wiki mbili, na hakuna kitanda cha hosteli kinachoziba pengo hilo. Lakini dozi mbili za kwanza za mtoto huyu zilinunuliwa, zikaingia mwilini, na zikapotea, kwa kukosa usiku wa shilingi chache. Nyumba ile ikijaa familia kumi na mbili, kodi, umeme, maji, gesi na posho ya mlezi vinakuja kama 1,400,000 kwa mwezi. Gawanya kwa familia 12 na usiku 30, unapata chini ya 4,000 kwa usiku. Usiku 55 ni kama 215,000. Kuanza upya matibabu, vipimo vyote, na zile siku sita za homa, kulizidi hapo mbali.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa saratani za watoto wenye lengo la kufikisha walionusurika angalau asilimia 60 duniani ifikapo 2030. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Shirika hilo linapotaja sababu za tofauti hiyo, kuacha matibabu njiani kumo pamoja na kuchelewa kugunduliwa na ukosefu wa dawa. Ninaposoma "kuacha matibabu" sasa hivi namwona mlinzi na tochi yake.

Na wenye nchi tajiri nao waliwahi kulala kwenye benchi. Philadelphia, Marekani, miaka ya 1970 mwanzoni, Fred Hill, mchezaji wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Eagles, alikuwa akimwuguza binti yake mdogo mwenye saratani ya damu. Yeye na mkewe walishinda kwenye viti vya korido na kula vitu vya mashine, wakaona wazazi wenzao waliotoka mbali wakiwa katika hali hiyohiyo. Dokta Audrey Evans, bingwa wa saratani za watoto wa hospitali ile, alikuwa tayari anatafuta nyumba ya familia. Wakachangisha, na kampuni ya McDonald's ikatoa fedha za mauzo ya kinywaji chake kimoja. Nyumba ya kwanza ilifunguliwa Oktoba 1974 na kupewa jina la kikaragosi wa kampuni hiyo, Ronald McDonald. Leo nyumba hizo ziko mamia katika nchi nyingi.

Kwetu nazo zipo, ingawa ni chache. Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha, linalofanya kazi na wodi ya saratani za watoto ya Muhimbili, lina nyumba ya familia iliyopewa jina la Ujasiri. Kampala, Bless a Child Foundation huwapa malazi watoto wanaotibiwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, taasisi iliyozaliwa Mulago mwaka 1967 kama kituo cha kutibu limfoma, yaani ugonjwa wa mvulana wetu hasa. Na kabla hujafika kwenye saratani, wazo lenyewe serikali yetu inalifahamu. Mama mjamzito anayekaa mbali, au aliyewahi kupasuliwa, hushauriwa asogee karibu na hospitali wiki za mwisho akae kwenye jengo la kusubiria kujifungua, ambalo sehemu nyingine huitwa chigonela. Anapika, anasubiri, uchungu ukianza anatembea hatua chache. Kwa mjamzito tumekubali kwamba umbali unaua. Mtoto mwenye chembe nyeupe zilizoshuka siku ya tisa naye anauawa na umbali uleule.

Wapo wanaouliza kwa nini tusimweke wodini muda wote. Kwanza vitanda havipo. Mara nyingine watoto wawili hulala kimoja. Pili, wodi ndiyo yenye vijidudu vigumu zaidi kuvitibu. Tatu, mtoto wa miaka sita anahitaji kucheza na mdogo wake. Ndani ya nyumba ile mvulana alifundishwa herufi na dada wa chumba cha tatu aliyekuwa darasa la sita, akajifunza kuandika jina lake kwa mkaa kwenye sakafu ya veranda, na mama mlezi akakataza lisifutwe.

Palipobaki

Alimaliza dozi zote. Saratani ya Burkitt ikirudi, kwa kawaida hurudi mapema, zaidi ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo kliniki ya kutimiza miezi kumi na miwili ndiyo tuliyoisubiri kwa hofu kuliko zote. Alikuja akiwa na meno mawili mapya ya mbele na sare ya shule. Uso haukuwa na kitu.

Tangu hapo, siku mtoto anapolazwa kwa mara ya kwanza, swali langu la kwanza ni: ukiruhusiwa, usiku huohuo utalala wapi, na nani, na kuna jiko? Naandika jibu juu ya faili kwa kalamu nyekundu. Pengo likianza, napiga simu siku ya nne na siku ya tisa. Neno "mtoro" sijaliandika tena. Naandika "hajafika", na chini yake alikolala mara ya mwisho.

Kuna jambo ambalo nyumba ile haijalitatua. Kwa kuwa vyumba ni vya familia mbilimbili, inapokea akina mama tu. Wiki hii ameletwa msichana wa miaka minne mwenye uvimbe wa figo. Mama yake alifariki. Amekuja na baba, mvuvi, kijana mpole anayemsuka mwanawe nywele vizuri kuliko wengi. Nimempeleka kuiona nyumba, akina mama wakamkaribisha chai, lakini kitanda hakipo. Msichana tunaweza kumlaza na mama mlezi. Baba analala kwenye boti ya mwenzake gatini, saa moja kwa miguu kutoka hapa. Tumeomba chumba kimoja cha nyuma, kilichokuwa stoo, kipigwe rangi na kuwekewa mlango wake wa nje, na mwenye nyumba amesema atajibu Ijumaa. Msichana anaruhusiwa Alhamisi.